Kasri, Kanisa na Boma katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, hutajwa mara chache na watu waandikao juu ya majengo ya kale. Msafiri atokaye Lindi akafuata bonde la mto Lukuledi, kisha akageuka kaskazini kuingia nchi ya Wamwera, haoni ngome kama ile ya Kilwa Kisiwani, wala misikiti ya matumbawe, wala magofu ya nyumba ya sultani. Huona vijiji, mikorosho, mashamba ya ufuta, makanisa ya misheni, na mji wa Nachingwea ambao si wa siku nyingi. Akiwa ni mtu aliyezoea kupima historia ya nchi kwa makanisa na majumba ya wafalme, atakata shauri ya kuwa hapa historia ilianza juzi. Yafaa shauri hilo lichunguzwe, maana limesemwa mara nyingi juu ya watu wa bara, na pengine wenyeji wenyewe wamelikubali.

Kwa kulinganisha, utazamwe kwanza mji wa Sevilla, kusini mwa nchi ya Hispania, ambao husifiwa sana kwa majengo ya namna hiyo. Mtu aufikiaye peke yake, hana mwenyeji wala kiongozi, huongozwa na mnara uitwao Giralda, wenye kimo kipatacho mita 104. Mnara huo leo ni wa kanisa kuu, lakini haukujengwa kwa ajili ya kanisa. Ulijengwa na watawala Waislamu wa dola ya Almohadi, iliyotoka Moroko, uwe mnara wa msikiti wao, nao ulikamilika mwaka 1198. Mwaka 1248 mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castilla aliuteka mji, na msikiti ukafanywa kanisa. Mwaka 1401 wakuu wa kanisa waliazimu kuuvunja na kujenga kanisa jipya, ambalo lilimalizika mwaka 1506. Lakini mnara waliuacha, wakauongezea chumba cha kengele katika karne ya 16, na ua wa msikiti wenye michungwa wakauacha pia. Hatua chache kutoka hapo lipo jumba la wafalme liitwalo Alcázar. Humo mfalme Pedro wa Kwanza, ambaye alikuwa Mkristo, alianza kujijengea jumba lake mwaka 1364, akatumia mafundi Waislamu, na kutani mna maandishi ya Kiarabu yanayomtaja Pedro kwa cheo cha sultani.

Mswahili ayasikiaye majina ya mji huo hayaoni kuwa mageni kabisa. Alcázar ni neno la Kiarabu al-qasr, nalo ndilo lililotupwa pwani ya Afrika ya Mashariki likawa kasri. Mezquita, ndilo jina la Kihispania la msikiti, latoka katika masjid, kama litokavyo neno msikiti lenyewe. Azúcar ni ndugu wa sukari. Tena wataalamu wengi husema ya kuwa Waarabu nao walilipata neno qasr kwa watu wa dola ya Rumi, ambao waliita kambi ya askari castrum. Kama ndivyo, neno lililokuwa na maana ya kambi lilizunguka bahari, likarudi Hispania likiwa na maana ya jumba la mfalme. Kwa hiyo Sevilla yafundisha mambo mawili: kwanza, jengo la kale aghalabu lina wenyewe wengi, mmoja baada ya mwingine, na pili, mwenyewe aliyeondoka huacha jina lake hata pale ambapo ukuta umebomolewa. Mambo hayo mawili ndiyo ya kwenda nayo Nachingwea na Ruangwa.

Katika nchi hii hakuna kasri kwa sababu hapakuwa na mfalme. Wamwera hawakutawaliwa na mtu mmoja. Ukoo ulifuatwa upande wa mama, na mamlaka yalikuwa mikononi mwa mjomba na wazee wa ukoo, kila mahali kwa kadiri ya watu wake. Nyumba ya mkubwa ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi kama nyumba za wenziwe, na ardhi ilipochoka watu walihama wakafungua mashamba mengine. Jengo lisilokusudiwa kudumu kuliko shamba haliwezi kutafutwa kwa jembe la mchimba magofu. Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. Kasri lilitoka Uarabuni, nalo pwani lilikuwa neno la masultani. Ikulu, ambalo leo ni jina la nyumba ya Rais, lilitoka bara, katika nchi za watemi wa Unyamwezi na Usukuma. Neno lililoingia kusini kwa nguvu ni boma. Asili yake ni ua au uzio wa kuzuia adui na wanyama. Wajerumani walipokwisha kuitwaa nchi, likawa jina la ngome ya askari, na baadaye jina la ofisi ya wilaya, ingawa ofisi hiyo haina uzio wowote. Neno hili nalo, kama castrum, lilianza vitani likaishia serikalini. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926 juu ya mamlaka ya wenyeji, walitaka kutawala kwa njia ya machifu. Lakini mahali ambapo uchifu haukuwako, chifu alikuwa ni mtu wa boma kwanza. Mamlaka hayo yalipofutwa mwaka 1963, hapakubaki jumba la kugeuzwa makumbusho.

Makanisa yana habari nyingine. Mwaka 1875 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waingereza iliyojulikana kama U.M.C.A. alitoka Lindi akaenda bara kwa miguu hata Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao. Mtu huyu anajulikana kwa wanafunzi wa lugha, kwa kuwa mwaka 1870 alikwisha kutoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na kitabu cha hadithi za Waswahili. Mwaka 1876 alirudi bara pamoja na watu wapatao 50 waliokombolewa utumwani, akakusudia kuwarudisha karibu na makwao, na safari ikakoma Masasi, ambako walifanya kijiji. Njia yao ilikuwa katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilipita kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi. Wakati huo huo Steere alikuwa akijenga kanisa kuu la Unguja katika kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Humo ndimo alimozikwa mwaka 1882. Basi Unguja kanisa lilishika mahali pa soko, kama lilivyoshika Sevilla mahali pa msikiti. Bara hapakuwa na jengo la kurithi: kanisa la kwanza lilikuwa la miti na nyasi, nalo lilijengwa na watu waliotembea njia ile ile mara mbili, kwanza wakishushwa pwani, kisha wakirudi.

Upande wa Wakatoliki walikuja Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Ujerumani. Walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, na ya Nyangao mwaka uliofuata, zote mbili katika njia za kuingia nchi ya Wamwera. Hazikufika miaka kumi na miwili. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na mwezi wa Agosti vilikuwa vimekwisha kuenea Liwale na Umwera. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake wanne huko Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Na kabla mwezi haujaisha misheni za Lukuledi na Nyangao zilikuwa zimechomwa moto.

Wamisionari waliliona jambo hili kuwa ni chuki juu ya dini. Lakini watu walioshika mikuki walikuwa na kodi ya kichwa cha nyumba, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na maakida wenye viboko. Na misheni ilikuwa nyumba ya Mjerumani kama boma lilivyokuwa nyumba ya Mjerumani. Jengo husemwa na jirani zake. Kanisa lililosimama chini ya bendera ya boma lilisomwa kuwa ni chumba kimoja cha boma. Malipo yalikuwa makubwa kupita kiasi: majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali ya Wajerumani ilikiri vifo 75,000; mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kuwa vilifika kati ya 250,000 na 300,000 katika nchi zote za vita. Mwaka 1906 Wabenediktini walianza upya huko Ndanda, na baada ya vita hivyo Uislamu nao uliongezeka sana kusini, hata leo msafiri asikiaye kengele katika kijiji kimoja husikia adhana katika cha pili.

Baadaye Kanisa la Anglikana lilijaribu njia nyingine, ambayo haihitaji mawe. Vincent Lucas, aliyekuwa padre Masasi na kisha, mwaka 1926, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, aliona ya kuwa mvulana wa kusini hafanywi mtu mzima kanisani. Hufanywa mtu mzima jandoni. Badala ya kulikataza jando, alikubali lifanywe kwa utaratibu wa Kikristo, kwa shauri la wazee na mapadre Waafrika. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu. Lakini kwa habari ya majengo alitambua jambo kubwa. Mahali patakatifu pa watu hawa palikuwa msituni, katika kibanda kilichochomwa moto kazi yake ilipokwisha. Kibanda hicho hakikuacha gofu, ila kila kizazi kilikijenga tena, na kwa hesabu hiyo ni cha kale kuliko kanisa lolote la bonde la Lukuledi. Nyimbo na mafumbo yake ni hazina ya lugha, na Lyndon Harries, aliyekuwa mmisionari upande huo kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu, alionyesha kwa kitabu chake cha sarufi ya Kimwera cha mwaka 1950 ya kuwa lugha hiyo yastahili kuchunguzwa kwa makini kama nyingine yoyote.

Mji wa Nachingwea wenyewe ulitokana na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, nyumba zikajengwa, bandari ikachimbwa Mtwara, na reli ikaletwa hata Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 serikali hiyo ilitangaza kuwa mpango umeshindwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Mashamba yalikuwa yamepewa namba kwa Kiingereza, na namba hizo zikageuka majina ya mahali: Farm 17 hutajwa na watu ambao hawajapata kuona karanga za mpango huo. Halafu wakaja wenyewe wapya. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilipata hapa kambi yake kubwa ya mafunzo, chini ya uongozi wa Samora Machel, na kutoka hapa wapiganaji walivuka mto Ruvuma mpaka Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Hivyo nchi iliyofyekwa kwa faida ya dola moja ilisaidia kuiangusha dola nyingine. Kanisa nalo liliona mabadiliko: mwaka 1963 Wakatoliki waliweka Jimbo la Nachingwea, na askofu wake wa kwanza akawa Arnold Cotey, Mmarekani wa shirika la Wasalvatoriani, mwaka 1986 jina likawa Jimbo la Lindi, na Nachingwea ikaacha kuwa mji wa askofu.

Basi msafiri wa peke yake aliyefanya shauri kwamba hapa hapana historia alihesabu kuta tu. Kwa muda upunguao miaka mia na ishirini nchi hii imepitiwa na misafara ya watumwa, misheni, vita, njaa, boma, karanga na kambi ya ukombozi, na kila mmoja aliacha neno lake ardhini. Lakini Sevilla ina jambo moja ambalo Nachingwea na Ruangwa hazina. Karibu na kanisa kuu iko nyumba ya hati, iliyowekwa mwaka 1785, ambamo zimetunzwa karatasi za utawala wa Hispania katika Amerika. Mtu wa Meksiko atakaye habari za babu zake hana budi kwenda huko. Mtu wa Ruangwa naye yu katika hali hiyo hiyo. Barua za U.M.C.A. ziko Oxford, na za Wabenediktini ziko St. Ottilien. Masimulizi ya wazee walioiona Maji Maji yalikusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na 1969. Kazi hiyo ingalichelewa miaka ishirini, pasingalikuwa na wa kuulizwa.

Wazee waliokata misitu ya karanga wako katika hali hiyo sasa. Waliokuwa vijana wakati ule, kama wangali hai, wamepita miaka tisini. Jina la kila mlima, kisima, njia ya zamani na kiwanja cha jando lina mtu alijuaye sababu yake, naye haandikiwi na mtu. Kazi hiyo haihitaji mawe wala fedha nyingi. Yahitaji mwanafunzi ajuaye Kimwera au Kiyao, daftari, na subira ya kukaa barazani hata mzee amalize maneno yake.