Nani alisema ndege hana akili? Historia ya jina moja baya

Kwetu ukitaka kumtukana mtu unamuambia iko na akili ya kuku. Tusi hilo, wanasayansi wa Ulaya waliliweka hata mu vitabu vyao, na likakaa humo karibu miaka mia moja.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Edinger, daktari Mjerumani wa Frankfurt, alikuwa analinganisha bongo za wanyama. Kwake uhai ulikuwa ngazi: samaki chini, kisha chura, mjusi, ndege, panya, nyani, na mwanadamu juu kabisa. Alipoona ubongo wa ndege hauna lile ganda la juu lenye sisi tuko nalo, akasema sehemu yake ya mbele karibu yote ni striatumu, yaani pale tabia za kuzaliwa nazo zinakaa. Majina yakafuata: neostriatumu, hiperstriatumu. Maana yake ndege hafikirie, anasukumwa tu. (Ngazi ya namna hiyo njo wakoloni walibeba walipokuja kupima vichwa na pua za watu wa Ruanda-Urundi. Lakini hiyo ni habari ya siku ingine.)

Sasa muangalie ndege mmoja wa ukoo wa kunguru, Nucifraga columbiana, kwenye milima ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Kabla ya baridi anafichaka mbegu za msonobari makumi ya maelfu, chache hapa, chache kule, chini ya udongo. Miezi inapita, theluji inaanguka, na yeye anarudi kuzifukua. Zenye anaacha zinaota. Kuna aina moja ya msonobari kule yenye matunda yake hayafunguke yenyewe: mpanzi wake mkubwa ni huyu ndege. Sisi wa agronomia tungemupa diplome!

Nishe yake, yaani mahali anaishi na namna anapata chakula hapo, inamudai kumbukumbu. Mwaka 1989 vikundi viwili, kimoja cha John Krebs na kingine cha David Sherry, vilionyesha kwamba ndege wenye kuficha chakula wako na hipokampi kubwa kuliko jamaa zao wasioficha, ukilinganisha na ukubwa wa ubongo na mwili. Hipokampi njo sehemu ya kukumbuka mahali. Kuna wenye walipima upya na kubishana, lakini mwaka 2002 Vladimir Pravosudov na Nicola Clayton walichukua aina moja tu ya ndege mdogo, Poecile atricapillus, wa gramu 11 hivi. Wamoja walitoka Alaska, kwenye baridi kali na siku fupi, wengine Colorado. Waliwatunza kwa hali moja, kisha wakawapima. Wa Alaska walificha chakula kingi zaidi, walikumbuka vizuri zaidi, na hipokampi yao ilikuwa kubwa, yenye seli nyingi. Aina ni ileile! Kilichowatofautisha ni ugumu wa mahali walitoka.

Majina ya Edinger yalianza kutikisika tangu miaka ya 1960, wakati Harvey Karten alifuatilia njia za neva mu ubongo wa njiwa na kuona zinafanana na zile za ganda letu. Ila jina likishazoeleka kulitosha ni kazi. Ilifika 2002 ndipo wataalamu wakakutana Duke University, Marekani, na majina mapya yakachapishwa 2004 na 2005. Mmoja wa walioongoza ni Erich Jarvis, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem.

Mwaka 2016 kikundi kingine kilihesabu seli za neva: ubongo wa kasuku au wa ndege waimbaji uko nazo karibu mara mbili kuliko ubongo wa nyani wenye uzito uleule. Mwaka huohuo, kule Johannesburg, nchi za dunia zilikubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, yule wa misitu yetu, mwenye kuishi makundi makundi na kutafuta matunda mbali. Bado anakamatwa, na anawekwa mu kitundu chenye hakina kitu cha kukumbuka.