Ufundishaji mseto wa Kiingereza

Ufundishaji mseto wa Kiingereza ni mbinu inayounganisha somo la ana kwa ana na nyenzo za mtandaoni. Nchini Kenya ilipata msukumo kuanzia 2016, serikali ilipoanza kusambaza katika shule za msingi za umma vishikwambi vya wanafunzi, laptopu za walimu, projekta na seva ndogo inayorusha masomo darasani bila intaneti. Seva hiyo ina thamani kubwa mashambani, kwani bando ni ghali. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na katika hifadhi ya mtandaoni ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD).

Katika maeneo kama Nyacheki, wadi ya eneo bunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, watoto wengi huingia shuleni wakizungumza Ekegusii. Nyenzo inayowafaa hasa ni African Storybook, maktaba huria iliyozinduliwa 2014, yenye hadithi za picha kwa Ekegusii na Kiingereza. Mwalimu huweza kupakua hadithi penye mtandao, akaisoma kwa Ekegusii, kisha darasa likairudia kwa Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa. Leseni yake inaruhusu kuichapisha na kuitafsiri.