Kasha, Sumu na Baridi: Namna Tulivyolinda Miiba, Manyoya na Ngozi

Mwiba wa nungunungu, unyoya wa mbuni na nywele za mnyama vimejengwa kwa kundi moja la protini, keratini. Wadudu wanaoweza kuimeng'enya ni wachache: viwavi wa nondo wa nguo na mabuu ya wadudu wa ngozi ni miongoni mwao. Pambo linalovaliwa huanikwa, hukung'utwa na kuonekana kila mara. Likishawekwa gizani likiwa na vumbi na jasho lililokauka, ndipo huliwa.

Watu wa Pwani walilijua hilo. Makasha yenye njumu za shaba, mengi yakiletwa kutoka Bara Hindi, yalihifadhi nguo za harusi na kofia katika nyumba za Kariakoo na Upanga, jijini Dar es Salaam. Ndani yake zilitiwa karafuu, kafuri au majani ya mwarobaini, na nguo zilifukizwa udi kwenye chetezo. Harufu ilisaidia kiasi tu. Kinga kubwa zaidi ilikuwa mfuniko uliobana, na desturi ya kufungua kasha na kuanika kila kitu kabla ya sikukuu.

Makumbusho yalichukua njia nyingine. Yale ya Dar es Salaam, jirani na Upanga, yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Wakati huo, makumbusho mengi duniani yalitegemea sumu. Sabuni ya aseniki ilikuwa imetumika tangu karne ya 18. Mwaka 1939 mwanakemia Paul Müller aligundua nguvu ya sumu ya DDT dhidi ya wadudu, nayo ikaenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Wadudu walikufa, ila sumu ilibaki juu ya vitu.

Gharama yake ilionekana Marekani, ambako baadhi ya mataifa ya asili yana ufundi mkongwe wa kupamba ngozi kwa miiba ya nungunungu. Sheria ya 1990 ilipowezesha vitu vitakatifu kurudishwa kwa wenyewe, Wahopi, mojawapo ya mataifa ya asili ya huko, waligundua kuwa baadhi ya walivyorudishiwa vilikuwa na aseniki. Vitu vya kuvaliwa ibadani vikawa hatari kwa mvaaji.

Nyumbani pia tahadhari inahitajika. Vipira vyeupe vya naftalini vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria.

Leo wahifadhi wengi hutumia baridi. Kitu hufungwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa, kisha hukaa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili hivi. Plastiki haifunguliwi mpaka kitu kirejee joto la chumba, la sivyo unyevu utatua juu yake. Dar es Salaam, penye unyevu mwingi, baridi peke yake haitoshi: kitu kipya kitengwe kwanza, rafu zifagiliwe, mitego ya gundi ikaguliwe. Bajeti ya uhifadhi ianze na mshahara wa mkaguzi, kabla ya bei ya dawa.