Mwili na Nafsi Katika Kitabu Kimoja: Mpango wa Sheikh wa Balkh



Kila mwaka Shaaban ikishafika katikati, sote huanza kupanga. Kina mama hupanga unga, tambi na tende. Wenye maduka hupanga kanzu na vitambaa vya Idi. Vijana nao hupanga nani atasimamia futari ya msikitini, na timu gani itacheza na gani usiku baada ya tarawehe. Yote ni kheri. Lakini hebu nikuulize swali moja: ni lini ulikaa kitako ukajipangia wewe mwenyewe? Sikusudii ibada peke yake. Nakusudia wewe mzima: usingizi wako, chakula chako, hasira zako, huzuni zako na swala zako, vyote kwa pamoja.

Ukimwambia kijana maneno haya leo atadhani umeyatoa kwenye semina ya hotelini, yale mambo ya kugawiwa kalamu na chupa ya maji. Kumbe wazee wetu katika dini waliyaandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nataka nikupe habari za mmoja wao ambaye jina lake halitajwi sana katika madrasa zetu, kisha nimtaje mwengine ambaye bila shaka unamjua, ila huenda hukuambiwa yaliyompata.

Lakini kwanza twende Madina, maana asli ya jambo hili iko huko. Baada ya Hijra, Mtume (S.A.W) aliwaunganisha masahaba wawili wawili wakawa ndugu. Salman Al-Farisy (R.A) akaunganishwa na Abu Dardaa (R.A). Siku moja Salman akaenda kumtembelea nduguye, akamkuta Ummu Dardaa amejiachilia, hana hata pambo. Kumuuliza, akajibiwa kwamba ndugu yako huyu hana tena haja na dunia. Abu Dardaa akaja, akamuandalia mgeni chakula, mwenyewe akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na akala. Usiku Abu Dardaa akataka kuinuka kuswali, Salman akamwambia lala. Akataka tena, akaambiwa lala. Ulipofika mwisho wa usiku, Salman akamwambia sasa inuka, wakaswali wote wawili. Kisha akamueleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W) akasema Salman amesema kweli. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari.

Angalia vizuri: Salman hakumkataza mwenzake kufunga wala kusimama usiku. Alimpangia saa.

Sasa tuvuke miaka kama mia mbili na zaidi, twende mashariki mpaka Balkh, mji ulioko kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Afghanistan. Katika kijiji kimoja karibu na mji huo, mnamo mwaka 235 H. (takriban mwaka 850), alizaliwa Abu Zaid Ahmad bin Sahl Al-Balkhy. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, yaani maalim wa chuoni kama hawa wetu. Kijana akatoka kwao kwa miguu mpaka Iraq kutafuta elimu, akakaa huko miaka minane, na miongoni mwa waliomsomesha anatajwa Al-Kindy, mwanafalsafa mkubwa wa Waarabu. Kisha akarudi kwao Balkh. Alikuwa mtu wa fani nyingi. Wanaosoma jiografia wanamjua kwa ramani, kwani Al-Istakhry na Ibn Hawqal walifuata njia yake katika kuuchora ulimwengu, na kwenye ramani za mtindo huo imo nchi ya Zanj, yaani pwani hii yetu. Kwa hivyo si mgeni sana kwetu.

Huyu Abu Zaid, aliyefariki mwaka 322 H. (934), aliandika kitabu alichokiita Masalih al-Abdan wal-Anfus. Kwa Kiswahili tuseme ni maslahi ya miili na nafsi. Kitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza ina milango kumi na minne juu ya mwili: nyumba na hewa, maji, nguo, chakula na vinywaji, usingizi, kuoga, mazoezi, mpaka kukandwa viungo. Ya pili ina milango minane juu ya nafsi. Na hapo ndipo ulipo ujasiri wake. Alisema waziwazi kwamba matabibu wa zama zake wanashughulika na mwili tu, hali ya kuwa mwanadamu ni vitu viwili vilivyofumwa pamoja. Mwili ukiugua, akili haishiki jambo. Nafsi ikiumia, mwili haupati ladha ya chakula. Akaongeza jambo ambalo kila mmoja wetu analijua moyoni: mtu anaweza kuishi miaka mingi bila ya ugonjwa mkubwa wa mwili, lakini hakuna anayesalimika na maudhi ya nafsi. Wewe jana ulikasirika mara ngapi?

Maudhi hayo aliyapanga katika mafungu manne, na kila moja akalipa mlango wake: hasira, hofu, huzuni, na wasiwasi, yaani yale mawazo yanayomzunguka mtu kichwani asiweze kuyafukuza. Juu ya hofu ana mfano mzuri. Mwarabu wa jangwani akifika nchi yenye ukungu kwa mara ya kwanza ataudhania ni kitu kizito kama ukuta usiopitika, kumbe akiingia ndani anakuta ni hewa yenye unyevu tu. Aliyewahi kuogopa mtihani wa Form Four atafahamu.

Mpango wenyewe je? Al-Balkhy anasema nafsi ina ulinzi wa nje na ulinzi wa ndani. Wa nje ni kujiepusha na yale ya kuona na kusikia yanayoichafua. Wa ndani ndio mgumu zaidi. Mtu mwenye busara, asema, huweka dawa nyumbani akiwa mzima, kwa sababu maumivu hayapigi hodi. Vivyo hivyo mtu ayaweke mawazo yake mema akiba wakati ametulia: ajizoeze kuyakumbuka, ayarudie, ili siku hasira au hofu ikimvaa awe na cha kushika. Ukingoja mpaka umekasirika ndio uanze kutafuta subira, umechelewa. Tena akasisitiza kila mtu aijue nafsi yake. Kuna wenye nafsi ngumu na wenye nafsi nyepesi kuumia, na asiyejua yake ni ipi atajitwika asichokiweza. Kwa maana hiyo mpango wa jirani yako hauwezi kuwa wako, hata kama ni hafidh na wewe bado uko Juzuu Amma.

Katika mlango wa huzuni, naomba usimame nami kidogo. Al-Balkhy aliigawa huzuni mara mbili. Kuna huzuni yenye sababu inayojulikana: mtu kafiwa, kaibiwa mali, kakosa alichokitaraji. Dawa yake ni mazungumzo, mawazo mema, na watu wa kukaa naye. Na kuna huzuni isiyo na sababu. Mtu anaamka nayo tu, imemkaa kifuani, hana hamu ya jambo, na wala hajui kwa nini. Hii ya pili aliihusisha na mwili, akasema asili yake ni damu, kwa kadiri ya utabibu wa zama zile. Habari ya damu leo hatumfuati. Lakini tazama alipofikia: huzuni hii inataka tiba ya mwili pia, pamoja na mtu kuchangamshwa na kuliwazwa. Hakusema mtu huyo kapungukiwa na imani.

Je, sisi huku mitaani kwetu tunasemaje? Kijana akikaa ndani wiki mbili hatoki, haongei, swala zinampita, utasikia kashikwa na jini, au imani imepungua, au huyo ni bangi tu. Sikatai dua wala ruqya, ni sunna na tuzishike. Ninachosema ni kwamba tunampa lawama mtu anayehitaji kushikwa mkono akapelekwa kwa daktari. Wallahi hili linaniuma, kwa sababu mzazi huyo huyo mtoto akivunjika mguu hamwambii aongeze dhikri, humkimbiza hospitali.

Na ukidhani maradhi haya huwapata wenye imani dhaifu tu, basi sikiliza habari za Imam Abu Hamid Al-Ghazali, Hujjatul Islam. Mwaka 1091 aliteuliwa kusomesha Nidhamiyya ya Baghdad, cheo kikubwa kabisa kwa mwanachuoni wa zama zile, akiwa na umri wa miaka thalathini na kitu. Darasani kwake wakikaa wanafunzi mia tatu. Kisha Rajab mwaka 488 H. (Julai 1095) ulimi ukamfunga. Anasimulia mwenyewe katika Al-Munqidh kwamba alikuwa akijikaza asomeshe japo siku moja kuwaridhisha wanafunzi, neno lisitoke. Huzuni ikashuka moyoni, chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema jambo hili limeanzia moyoni ndipo likaenea mwilini. Alikuwa na kama miezi sita akivutana na nafsi yake, abaki au aondoke. Wanahistoria wengine hutia na siasa humo, kwani waziri Nidhamul Mulk aliyemteua aliuawa mwaka 1092 na Baghdad haikuwa shwari. Huenda. Mimi naona maneno yake mwenyewe yanatosha.

Mwezi wa Novemba mwaka huo aliondoka. Mali akaigawa, akabakisha ya kuwatosha watoto. Akaenda Damascus, akakaa karibu miaka miwili, na humo msikitini alikuwa akipanda mnarani akijifungia mchana kutwa. Kisha Baitul Maqdis, kisha Hija. Hakurudi kusomesha mpaka mwaka 1106, huko Nishapur, na alifariki kwao Tus mwaka 1111.

Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo ilipotoka Ihyaa Ulumiddin, ambayo si ngeni misikitini kwetu. Ndani yake mna kitabu kizima juu ya kujichunga na kujihesabu. Imam anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara unayempa mtaji. Asubuhi unawekeana naye sharti, mchana unamuangalia, usiku mnafungua hesabu, faida ngapi, hasara ngapi. Mtoto yeyote aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka atafahamu bila ya tafsiri. Na katika Bidayatul Hidaya aliupanga mchana na usiku tangu mtu kufungua macho mpaka kulala. Humo anahesabu kwamba usingizi usizidi saa nane kati ya ishirini na nne, maana ukiishi miaka sitini, ishirini tayari umeilala. Hata usingizi aliutia kwenye hesabu!

Kitabu cha Al-Balkhy kilikaa karne nyingi bila ya kushughulikiwa sana. Nakala zake za mkono zilihifadhiwa Istanbul, na mwaka 1984 Fuat Sezgin akazitoa kwa picha huko Frankfurt. Mwaka 2013 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi, kazi ya Profesa Malik Badri wa Sudan, msomi wa elimu ya nafsi aliyefariki mwaka 2021. Mwenye kusoma Kiingereza aitafute.

Basi tufanye nini Ramadhan hii? Mwezi wenyewe umeshatukatia siku kwa adhana na daku, kwa hivyo nusu ya kazi imefanyika. Chukua daftari. Andika kwanza unalala saa ngapi kwa ukweli, si kwa kujisifu, maana wengi wetu tunakesha barazani mpaka daku halafu tunalala mpaka Adhuhuri tukasema saumu imetulegeza. Saumu haina kosa hapo. Andika unachofuturia. Viazi karai na bajia sahani mbili kisha ukaswali rakaa ishirini, tumbo litakusemea. Siku moja moja chagua msikiti wa mbali uende kwa miguu. Kisha tia alama saa unayokasirika. Nakisia itakuwa ile kabla ya Magharibi, ndani ya matatu iliyokwama. Ukishaijua saa yako, iwekee akiba yake mapema kama alivyosema Al-Balkhy: dhikri unayoipenda, au kunyamaza tu mpaka ufike. Na usiku kabla ya kulala, hesabu ya Imam Ghazali, dakika tano zatosha.

Mwenye kutumia dawa kila siku, ziwe za sukari, kifafa au za huzuni hiyo tuliyoitaja, asizikate kwa sababu ya saumu bila ya kumuona daktari wake. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na si aibu kuitumia.

Daftari langu mimi ukurasa wa kwanza ni usingizi, maana huko ndiko ninakokopa zaidi.

Ramadhan Karim.