Uk (ѹ): herufi moja, misimbo kadhaa

Uk ni herufi ya mwandiko wa kale wa Kikirili iliyowakilisha sauti /u/. Jina lake ni neno la Kislavoni cha Kale lenye maana ya mafundisho. Umbo lake lina asili ya Kigiriki: Wagiriki waliandika sauti hiyo kwa herufi mbili, omikroni na ipsiloni, na Waslavoni wakaufuata utaratibu huo. Kwa hiyo uk ilianza ikiwa herufi mbili zinazohesabiwa kuwa moja, оу. Ili kubana nafasi, wanakili waliipandisha sehemu ya pili juu ya ya kwanza, likapatikana umbo ꙋ.

Vitabu vya ibada vya Kanisa la Urusi viliyahifadhi maumbo yote mawili na kuyagawia kazi. Umbo la herufi mbili huandikwa mwanzoni mwa neno, kama katika оученикъ ‘mwanafunzi’. Lile la kupandana huandikwa kwingineko, kama katika рꙋка ‘mkono’. Katika maandishi ya kawaida ya Kirusi, mageuzi ya Tsar Peter Mkuu ya miaka ya 1708–1710 yaliacha у peke yake.

Unicode, mfumo unaoipa kila herufi nambari yake katika kompyuta, uliipa uk misimbo miwili tangu matoleo yake ya mwanzo: U+0478 kwa herufi kubwa na U+0479 kwa herufi ndogo. Haukubainisha ni umbo lipi kati ya hayo mawili lililokusudiwa. Matokeo yake, fonti moja huonyesha оу na nyingine ꙋ kwa msimbo uleule, na msomaji huona alichochagua mchora fonti badala ya alichoandika mnakili. Kwa kuwa katika vitabu vya ibada tofauti hiyo ni ya tahajia, hasara yake si ndogo.

Herufi kubwa ilileta tatizo jingine, ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi. Neno «chuo» likianza sentensi huandikwa «Chuo». Likiwa katika kichwa cha habari huandikwa «CHUO». Lau «ch» ingekuwa na msimbo mmoja, herufi yake kubwa ingekuwa «Ch» au «CH»? Kwa «dž» ya Kikroeshia, Unicode ilijibu kwa kutoa misimbo mitatu, U+01C4 hadi U+01C6. Uk haikupewa wa tatu, na hivyo U+0478 haiwezi kutofautisha Оу na ОУ. Mwandiko wa Kiglagoliti, ulioingizwa mwaka 2005, nao una herufi hii kwa msimbo mmoja mmoja (U+2C16 na U+2C46), lakini huko sehemu zake mbili zimeungana kabisa na swali hilo halizuki.

Marekebisho yalikuja mwaka 2008, katika toleo la 5.1: umbo la kupandana lilipata misimbo yake, U+A64A na U+A64B. Mwaka 2016 toleo la 9.0 liliongeza U+1C88, kwa ajili ya umbo la kupandana ambalo sehemu zake zinaonekana zimeachana. Hilo linawahusu hasa wanaohariri vitabu vya zamani. Umbo la herufi mbili sasa huandikwa kwa misimbo miwili inayofuatana, U+043E na U+0443, na matumizi ya U+0478 na U+0479 hayapendekezwi tena.

Hata hivyo misimbo hiyo ya awali ipo na itaendelea kuwapo, kwani kwa kanuni ya Unicode herufi ikishaingizwa haifutwi. Baya zaidi, U+0479 haikuwekewa ulinganifu wowote na оу. Kanuni za kusawazisha maandishi, ambazo kwa kawaida huyageuza maumbo yanayolingana yawe mfuatano mmoja, huiacha kama ilivyo. Anayetafuta оученикъ katika hazina iliyohifadhi ѹченикъ anaweza kuambiwa kwamba neno hilo halimo, ingawa kwenye skrini yake maneno hayo mawili huenda yakafanana kabisa. (Anayetafuta «ng'ombe» kwa alama iliyonyooka ilhali kamusi imehifadhi «ng’ombe» kwa alama iliyopinda anaweza kupatwa na yaleyale.)

Mfasiri au mhariri anayepokea maandishi yenye U+0479 asiibadilishe yote kwa mkupuo. Msimbo huo hausemi mchapaji alikusudia оу au ꙋ. Nafasi ya herufi katika neno inaweza kusaidia endapo matini ni ya vitabu vya ibada vilivyochapwa, kwa sababu vina kanuni thabiti. Kwa miswada ya zamani zaidi, ambamo kanuni hiyo haikuwapo, itabidi kutazama picha ya ukurasa wenyewe, neno kwa neno.