Maji ya Kupozea Katika Karakana za Eastlands

Chombo kinachosaga hupata moto, na moto huo usipopozwa huua makali, hupasua kazi na kuacha vumbi likiruka. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, vipozeo vya kwanza vilikuwa maji matupu na oili chafu. Wahunzi wa Kamukunji, jirani na Shauri Moyo na Gikomba, walifua patasi na visu kutokana na vyuma chakavu kama springi za magari, wakavitosa humo vikiwa vyekundu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 iliwafanya wapangaji wa uchumi waitazame kazi hiyo upya. Rais Moi aliwatembelea mafundi hao mwaka 1985, na baadaye wakajengewa mabanda ya bati. Bati huzuia jua kali, si vumbi.

Karakana zenye mashine za kukereza chuma, kama zile za Kariobangi Light Industries, zilikuja na kipozeo kingine: mafuta yanayochanganyika na maji yakawa meupe kama maziwa. Faida ya kumwagia chuma maji kinapokatwa ilikuwa imepimwa zamani. Mmarekani Frederick Taylor alieleza mwaka 1907 kwamba mkondo wa maji uliongeza kasi ya kukata kwa takriban asilimia 30 hadi 40. Ila mchanganyiko huo ukikaa siku nyingi huota bakteria, hunuka, na huweza kumtoa fundi vipele mikononi.

Kioo kina masharti yake. Fundi wa madirisha hukikwaruza kwa kigurudumu kilichochovywa mafuta ya taa, kisha hukivunja kwa mkono; hapo hakuna joto la kutisha. Kazi ngumu ni kusaga kingo, hasa za vioo vya rangi, sanaa ambayo karibu na Nairobi imejulikana zaidi Kitengela kuliko Eastlands. Kichwa cha almasi kikisaga kikavu, punje za almasi hung'oka na kioo hupata ufa. Mashine ndogo ya kazi hii huwa na sponji inayopandisha maji kutoka kwenye trei; asiye nayo hutoboa kifuniko cha chupa ya plastiki, maji yakadondoka taratibu. Chupa hiyo juu ya grinda ya umeme ya kawaida ni kucheza na kifo.

Wako wanaoshawishika kutia maji ya rejeta. Mengi ya hayo yana glaikoli ya ethilini, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo, na imewahi kuua watoto na mbwa walioilamba. Isitoshe, kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasigande, na Nairobi maji hayagandi. Mafuta ya kukerezea nayo huacha utando, utepe wa shaba unaozungushwa kwenye kioo ukakataa kushika.

Kwa hiyo kipozeo salama cha kioo ni maji safi, yabadilishwe kila siku ya kazi. Tope la kioo liachwe litulie ndooni, likusanywe na kutupwa likiwa limefungwa, kwa maana likimwagwa mtaroni Gikomba huishia Mto Nairobi.