Tundu la Mafuta

Juu ya habu ya Sturmey-Archer yamepigwa chapa majina mawili, na jina la tatu, ambalo ndilo lililostahiki zaidi, halimo. William Reilly ndiye aliyebuni habu ya gia tatu; lakini mkataba wake na kampuni nyengine ulimfunga mikono, hataza ikaandikwa kwa jina la mwenzake, James Archer. Frank Bowden, mwenye kiwanda cha Raleigh mjini Nottingham, Uingereza, akaichukua pamoja na hataza ya Henry Sturmey, mhariri wa magazeti ya baiskeli, akaasisi kampuni mwaka 1902.

Habu iliyoenea kuliko zote ni ile ya AW, iliyotoka mwaka 1936. Ndani yake mmefungwa mbingu ndogo: gurudumu la katikati lenye meno 20, liitwalo jua, limeshikamana na ekseli wala halizunguki, sayari nne, kila moja na meno 20, hulizunguka, na nje yao pana pete yenye meno 60. Gia ya chini hupunguza mwendo kwa robo, ya kati huuacha kama ulivyo, na ya juu huuongeza kwa theluthi.

Mbingu hiyo hulindwa na vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi dhaifu mno. Ndiyo maana waundaji waliweka tundu lenye kifuniko juu ya habu, mwenyewe atie matone machache ya mafuta mepesi. Mafuta yaliyozidi huvuja pembeni, yakatoka na uchafu na unga wa chuma. Anayetia grisi nzito juu ya vikucha, au mafuta yanayoganda kama gundi, huvinyima nguvu ya kuinuka. Waya wa gia nao, ukilegea au ukikazwa kupita kiasi, pedali huzunguka bure ghafla, na mpanda baiskeli aliyesimama juu ya pedali akikwea kilima huanguka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katika miundo ya baadaye tundu lile liliondolewa, grisi ya kiwandani ikashika nafasi ya mafuta. Mwenye baiskeli alipunguziwa kazi. Ila pia alipokonywa mamlaka. Habu ikikauka, hana budi kuifungua yote au kumtafuta fundi anayejua kuipanga tena. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya kumiliki kitu na kukitumia tu.

Mwaka 2000 kampuni iliuzwa kwa SunRace ya Taiwan, na utengenezaji ukahama Nottingham. Lakini ziko habu za AW zilizotoka kabla ya Vita Vikuu vya Pili ambazo zinazunguka hadi leo. Hazikuokolewa na jina la Sturmey, wala la Archer, wala la Reilly aliyesahauliwa. Zimeokolewa na watu wasiojulikana, waliokumbuka kufunua kifuniko na kutia matone machache.